Fukuto la Mombasa: kwa nini kilomita 21 za pwani si kilomita 21 za Kampala

Mkimbiaji anayeishi Kampala, Mbarara au Mbale, akishazoea kumaliza kilomita 21 nyumbani bila taabu, huona si jambo gumu kushuka Mombasa na kuzikimbia tena kando ya bahari. Hesabu yake ni nyepesi: pwani ni tambarare, hewa yake ina oksijeni nyingi kuliko ya nyanda za juu, upepo unavuma kutoka baharini, na mandhari inaburudisha macho. Atapanda basi Ijumaa, akimbie Jumapili, na Jumatatu awe njiani kurejea kazini. Hesabu hiyo ina kasoro moja, na kasoro hiyo imewahi kuwaangusha hata mabingwa wa dunia. Makala haya yanaeleza kasoro hiyo ni ipi, mwili hutendwa nini na hali ya hewa ya pwani, na mtu wa kawaida afanye nini ili amalize mbio zake na kurudi nyumbani salama.

Bustani juu ya mlango wa bahari

Upande wa kusini mashariki wa kisiwa cha Mombasa ipo barabara ya Mama Ngina, inayopita juu ya miamba ya matumbawe huku bahari ikivuma chini yake. Mibuyu mikongwe imesimama kando ya njia, na wachuuzi huuza madafu, mihogo ya kukaanga na maembe mabichi yaliyotiwa chumvi na pilipili. Aliyeketi ukingoni huziona meli za mizigo zikiingia polepole kuelekea bandari ya Kilindini, ambako hushushwa sehemu kubwa ya shehena ziendazo Uganda. Mbele kidogo ni kivuko cha Likoni, ambako feri huvusha watu na magari kati ya kisiwa na upande wa kusini. Serikali ya Kenya iliikarabati sehemu hiyo kuwa bustani ya umma yenye njia pana za miguu, na tarehe 20 Oktoba 2019 sherehe za kitaifa za Sikukuu ya Mashujaa zilifanyika hapo.

Kwa mkimbiaji, mahali hapo pana mvuto wa kweli. Njia ni ngumu na tambarare, na bahari haimwachi hata hatua moja. Barabara yenyewe, hata hivyo, ni fupi. Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu, kwa hiyo anayetaka kuutimiza umbali huo hapo hana budi kwenda na kurudi mara nyingi, au kuingia katika mitaa ya kisiwa. Wengi huona kuzunguka mahali pamoja kunachosha akili. Tutaona baadaye kwamba katika hali ya hewa ya pwani, kuzunguka huko kunaweza kuwa ndiyo salama ya mtu.

Siku mabingwa waliposhindwa

Jirani na barabara hiyo upo uwanja wa gofu wa Mombasa, nao pia umeelekea bahari. Ni hapo, tarehe 24 Machi 2007, yalipofanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Machi ni miongoni mwa miezi yenye joto kali zaidi Mombasa. Kaskazi inakaribia kuisha, masika bado hayajaanza, na bahari yenyewe ina joto la kutosha kuujaza upepo unyevu.

Aliyetazamiwa kushinda mbio za wanaume za kilomita 12 alikuwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye kwa miaka kadhaa hakuna aliyekuwa amemshinda katika mbio za nyika. Katika mzunguko wa mwisho, akiwa bado anagombea ushindi, mwendo wake ulivunjika, akaacha mbio. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda, akifuatwa na Moses Mosop na Bernard Kipyego wa Kenya. Kwa upande wa wanawake, Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Uholanzi, alimshinda Tirunesh Dibaba wa Ethiopia kwa tofauti kubwa. Siku hiyo wakimbiaji wengi waliacha mbio kabla ya mwisho.

Inafaa kuwaangalia washindi hao wawili. Tadese alikuwa fundi wa nusu marathoni: mwaka 2010, mjini Lisbon, aliukimbia umbali huo kwa dakika 58 na sekunde 23, ikawa rekodi ya dunia. Kiplagat naye, miezi saba tu baada ya Mombasa, aliweka rekodi ya dunia ya wanawake ya nusu marathoni kwa saa 1, dakika 6 na sekunde 25, huko Udine, Italia. Tadese ni mtu wa nyanda za juu za Eritrea, na Mosop na Kipyego ni watu wa nyanda za juu za Kenya. Basi si kweli kwamba mtu wa milimani hawezi pwani. Kilicho kweli ni kwamba pwani huuliza swali ambalo mlima haukumfundisha mtu kulijibu, na sifa za zamani hazimsaidii asiyejiandaa.

Jambo kama hilo lilionekana tena Doha, Qatar, usiku wa tarehe 27 Septemba 2019. Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa karibu saa sita ya usiku, kandokando ya bahari, ili kulikwepa jua. Jua lilikwepeka, lakini unyevu haukukwepeka. Joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa hewa ulipita asilimia 70. Wanawake 68 walianza mbio, na 28 kati yao hawakufika mwisho. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43, muda ambao katika hali ya hewa ya baridi usingempa ushindi katika mashindano yoyote makubwa.

Jasho lisilokauka

Lugha ya Kiswahili, iliyozaliwa pwani, imekuwa na maneno ya jambo hili tangu zamani. Watu wa pwani hawasemi joto tu. Husema pia fukuto, yaani joto lenye mvuke, lililokaba, lisilopitisha upepo. Wana pia neno hari, ambalo maana yake ni joto na pia ni jasho, kana kwamba mambo hayo mawili hayatengani. Kwa mkimbiaji, kweli hayatengani.

Misuli inapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nguvu inayochoma humsogeza mtu mbele. Takriban robo tatu, au hata zaidi, hugeuka kuwa joto. Tuchukue mfano wa mtu mwenye uzito wa kilo 70. Katika kilomita 21 hutumia kilokalori 1,500 hivi, na kati ya hizo zaidi ya 1,100 huwa joto ambalo lazima litoke mwilini. Kila kilokalori 58 hivi zinazobaki ndani humpandisha mtu huyo nyuzi 1. Mwili wa kawaida una nyuzi 37, na ukifika nyuzi 40 na kuendelea huwa katika hatari. Maana yake ni hii: ikiwa moja ya sita tu ya joto alilolizalisha itakosa njia ya kutoka, mtu huyo atakuwa amefika ukingoni.

Njia kuu ya kutoa joto hilo ni jasho. Lakini jasho halimpozi mtu kwa kutoka. Humpoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi. Kwa hiyo lita mbili zikikauka vizuri zinatosha kuubeba mzigo wote wa nusu marathoni. Asubuhi ya Kampala yenye hewa kavu kidogo na upepo, sehemu kubwa ya jasho hukauka kabla mtu hajaliona, naye hudhani hakutoka jasho jingi.

Mombasa hali ni nyingine. Hewa imekwisha kujaa mvuke wa bahari, kwa hiyo haina nafasi ya kupokea mvuke zaidi. Jasho hutoka kwa wingi, huchuruzika hadi viatuni na kudondoka barabarani. Kila tone linalodondoka ni maji na chumvi vilivyopotea bila faida yoyote. Mwili, ukiona haupoi, hutoa jasho jingi zaidi. Moyo hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili ipoe, na damu hiyo huwa imeondolewa kwenye misuli. Hapo ndipo mkimbiaji huhisi miguu kuwa mizito na moyo kumwenda mbio, ingawa saa yake inaonyesha mwendo ambao nyumbani ungekuwa wa kawaida kabisa.

Upepo wa baharini nao una hila yake. Ukivuma usoni humsumbua mtu, lakini humpoza. Ukivuma mgongoni kwa kasi inayolingana na yake, hewa inayomzunguka huwa kama imesimama, na jasho hukosa hata ule msaada mdogo. Katika njia ya kwenda na kurudi, wengi hufurahia upande ambao upepo unawasukuma, kumbe huo ndio upande ambao mwili unachemka.

Mlima unasaidia nini?

Ni kweli kwamba kuishi juu kuna faida. Katika maeneo ya kimo cha mita 2,000, kama sehemu za Kapchorwa na Bukwo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko pumzi ya pwani. Mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu nyingi zaidi. Mtu huyo akishuka, damu yake hubeba oksijeni kwa urahisi, na mapafu yake huona kazi imekuwa nyepesi.

Jacob Kiplimo, kijana wa Bukwo, alilithibitisha hilo tarehe 21 Novemba 2021. Alikimbia nusu marathoni kwa dakika 57 na sekunde 31, ikawa rekodi ya dunia ya wakati huo. Mbio hizo zilifanyika Lisbon, mji wa bandari ulio usawa wa bahari. Lakini ilikuwa asubuhi ya Novemba, majira ya baridi yakikaribia Ulaya. Kiplimo alipata oksijeni ya pwani bila fukuto la pwani. Hapo ndipo ilipo kasoro ya hesabu tuliyoanza nayo: mkimbiaji wetu amehesabu oksijeni, akasahau mvuke. Mlima humpa mtu damu nzuri, lakini hali yake ya ubaridi haiifundishi ngozi yake kutoa jasho mapema wala moyo wake kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Kwa nini nusu marathoni ni ya kuangaliwa

Wengi hudhani kwamba hatari ya joto ni ya marathoni kamili, na kwamba nusu yake ina nusu ya hatari. Tabibu wa michezo hawaoni hivyo. Joto la mwili hutegemea zaidi kasi kuliko urefu wa njia. Mtu wa marathoni hulazimika kwenda polepole, na uchovu humsimamisha kabla hajachemka sana. Mtu wa nusu marathoni anaweza kujisukuma karibu na ukomo wa nguvu zake kwa saa moja na nusu au mbili, na muda huo unatosha kabisa kumfikisha pabaya.

Ushahidi mzuri unatoka katika mbio fupi zaidi. Huko Falmouth, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kuna mbio za kila Agosti za maili 7, yaani kilomita 11 na ushei, zinazopita kando ya bahari. Katika kipindi cha miaka 18 kilichochunguzwa, madaktari wa mbio hizo walitibu watu 274 waliopatwa na kiharusi cha joto, yaani hali ambayo joto la mwili hupanda hadi ubongo kuvurugika. Wote 274 walipona. Sababu ya kupona kwao tutaieleza hapa chini, kwa kuwa ni jambo ambalo kila mwenye kuandaa au kushiriki mbio za pwani anapaswa kulijua.

Kujiandaa kabla ya kushuka

Jambo la kwanza ni kuchagua majira. Mombasa hupoa kati ya Juni na Septemba, wakati wa kusi, ambapo joto la mchana huwa nyuzi 28 hivi na asubuhi huwa na ubaridi kidogo. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto hupita nyuzi 30 karibu kila siku. Mwenye hiari ya kuchagua asichague Machi kwa nusu marathoni yake ya kwanza ya pwani.

La pili ni kuuzoeza mwili. Mwili wa binadamu hujifunza fukuto kwa siku 10 hadi 14 za mazoezi ya kila siku katika joto. Siku za mwanzo maji ya damu huongezeka, na mapigo ya moyo hupungua kwa mwendo ule ule. Kisha jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi, likiwa na chumvi kidogo kuliko awali. Aliyeweza kufika wiki mbili mapema na afike. Lakini wengi wetu ni watu wa ajira na biashara, na hatupati wiki mbili. Mtu huyo anaweza kuanza nyumbani. Kwa siku kadhaa kabla ya safari, baadhi ya mazoezi yake mafupi ayahamishe kutoka alfajiri hadi mchana, kwa mwendo wa polepole, akiwa na mwenzake na maji karibu. Faida hiyo hupungua mtu akirudi kwenye ubaridi, kwa hiyo ifanywe karibu na siku ya mbio, si miezi miwili kabla.

La tatu ni kupumzika. Safari ya basi kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000. Mtu aliyekosa usingizi, aliyekuwa na homa au kuharisha wiki hiyo, au aliyekunywa pombe usiku wa kuamkia mbio, amekwisha kujiongezea hatari kabla hajafunga kamba za viatu. Kwa aliye mgonjwa, ushauri ni mmoja tu: asikimbie.

Wengi wakifika pwani hutamani pia kufanya mazoezi mchangani, katika fukwe za wazi kama ile ya Jomo Kenyatta huko Bamburi. Si vibaya, ila ni vyema kujua kwamba kukimbia kwenye mchanga laini hugharimu nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya zile za barabara ngumu. Subirini maji yapwe, mkimbie kwenye mchanga mgumu ulioachwa na bahari. Waulizeni wavuvi saa za maji, hasa siku za bamvua, ambapo bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na inaweza kuumeza ufuko wote mkiwa bado mbali. Ufuko pia umeinama kuelekea baharini. Anayekimbia upande mmoja tu huuchosha mguu mmoja kuliko mwingine.

Siku yenyewe

Kuanza mapema ni nusu ya ushindi. Alfajiri unyevu wa hewa huwa mwingi, lakini joto liko chini na jua halijachomoza. Barabara ya Mama Ngina imeelekea upande wa bahari ambako jua hutokea, na likishapanda, kivuli pekee ni cha mibuyu. Anayeanza saa kumi na moja na nusu ya asubuhi huwa amekwisha kumaliza sehemu kubwa ya njia kabla jua halijawa kali. Anayeanza saa mbili atakuwa katika kilomita zake za mwisho jua likiwa limepanda juu.

Waandaaji makini hawatazami kipimajoto peke yake. Kipo kipimo kinachounganisha joto la hewa, unyevu na mionzi ya jua, ambacho unyevu huchukua sehemu kubwa kuliko vyote. Chama cha Tiba ya Michezo cha Marekani kimekuwa kikishauri mbio ndefu ziahirishwe kipimo hicho kikipita nyuzi 28. Mkimbiaji ana haki ya kuwauliza waandaaji wametumia kipimo gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mbio.

Kuhusu mwendo, kanuni ni moja: saa ya mkononi haina habari na fukuto. Muda uliozoea kukimbia nyumbani uuache nyumbani. Kilomita tano za kwanza zikimbie kwa mwendo unaokuruhusu kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatiza pumzi. Ukishindwa kuimaliza sentensi, punguza. Sisi Waganda tunalo somo la karibu. Tarehe 26 Machi 2017, katika mashindano ya dunia ya nyika yaliyofanyika Kololo, Kampala, Joshua Cheptegei aliingia mzunguko wa mwisho akiongoza, umati ukimshangilia, kisha nguvu zikamwisha akamaliza wa 30. Kijana huyo baadaye alikuja kuwa bingwa wa Olimpiki na mshika rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000. Kama yeye aliweza kukosea kugawa nguvu zake, sembuse sisi?

Maji ni dawa, na dawa ina kipimo

Anayepotewa na jasho lazima anywe. Hilo halina ubishi. Lakini ipo hatari ya pili isiyosemwa sana, nayo ni kunywa kupita kiasi. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti waliwapima wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 wana chumvi pungufu katika damu, hasa wale waliokunywa hadi uzito wao ukaongezeka njiani. Hali hiyo huvimbisha ubongo na inaweza kuua, na dalili zake za mwanzo hufanana na za joto: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa.

Kunywa kwa kufuata kiu, kidogo kidogo. Katika mazoezi, jipime uzito kabla na baada ya saa moja ya kukimbia, ili ujue mwili wako hupoteza maji kiasi gani. Kupungua kidogo si tatizo. Kuongezeka ni onyo. Chumvi ipatikane katika chakula cha siku zilizotangulia na katika kinywaji chenye chumvi wakati wa mbio. Dafu linaburudisha na lina potasiamu kwa wingi, lakini chumvi yake ni kidogo. Kwa hiyo dafu ni zuri mbio zikiisha, likisindikizwa na chakula. Maji ya kujimwagia kichwani na shingoni nayo yana faida, mradi usiyasahau ya kunywa.

Hapa ndipo njia ya kuzunguka inapoonyesha thamani yake. Anayezunguka bustani huipita meza ile ile ya maji kila baada ya dakika chache, na watu wale wale humwona kila mara. Akianza kuyumba, yupo wa kuligundua. Aliyekwenda kilomita kumi peke yake kwenye barabara ya mbali hana shahidi.

Poza kwanza, safirisha baadaye

Dalili za hatari ni hizi: kizunguzungu, kuyumba, kuhisi baridi ilhali jua ni kali, kutapika, kujibu maswali ovyo, ukali usio wa kawaida, na hatimaye kuanguka. Usidanganywe na jasho. Wengi wamefundishwa kwamba aliyepigwa na joto huwa na ngozi kavu, lakini mkimbiaji anaweza kuwa analowa jasho na bado ubongo wake uko hatarini. Kipimo rahisi ni akili: mwulize jina lake, siku ya leo na mahali alipo. Akishindwa kujibu, mbio zake zimekwisha, hata kama amebakiza mita 200, na hata kama anakusihi umwache aendelee.

Watu 274 wa Falmouth walipona kwa sababu hawakusubiri gari la hospitali. Walitumbukizwa mara moja, palepale karibu na mwisho wa njia, katika mabeseni makubwa ya maji yenye barafu, na joto lao likashushwa kabla ya jambo lingine lolote. Uhai wa mtu hutegemea dakika ambazo mwili wake unabaki juu ya nyuzi 40. Kumweka katika gari lenye joto, kwenye foleni ya kuelekea Likoni au katikati ya mji, ni kuzipoteza dakika hizo.

Pasipo na beseni, mlaze kivulini, mvue nguo zinazoweza kuvuliwa, mmwagie maji mengi mwili mzima bila kukoma, mfunike kwa vitambaa au kanga zilizoloweshwa maji ya baridi na zibadilishwe kila zinapopata joto, na watu wampepee. Weka barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena kama ipo. Asiyejitambua asinyweshwe chochote. Wakati hayo yote yanafanyika, mtu mwingine aite msaada wa tabibu. Mgonjwa aendelee kupozwa hadi akili zimrudie au tabibu afike.

Kabla ya kulipia mbio zozote za pwani, basi, mswahili anayetoka huku kwetu awaulize waandaaji mambo manne. Mbio zinaanza saa ngapi? Meza za maji ziko umbali gani moja kutoka nyingine? Nani anaweza kuzisimamisha joto likizidi? Na je, kuna barafu na mahali pa kumpozea mtu papo hapo? Waandaaji wenye majibu ya maswali hayo wanastahili ada yake. Wasio na majibu, bora aiache ada yao, alale, na asubuhi atembee polepole chini ya mibuyu ya Mama Ngina akizitazama meli. Bahari haitahama, na mbio nyingine zitakuja wakati wa kusi.